Kibao cha Majaribio

Mchana napima tumbaku kwenye chama cha msingi:
nasoma mizani, naandika kilo, napiga mhuri.
Usiku, chumba cha uani, hapa Ng'ambo, Tabora,
navaa miwani ya rangi ya chungwa
na kuwasha mashine ya leza niliyoiunga mwenyewe
kwa bisibisi moja na siku tatu za matusi.
Mbula, mke wangu, anaiita mke mwenzie.

Mbao nimezijua kwa pua.
Mninga ukiungua hunuka chai iliyosahauliwa jikoni.
Paini haina subira, huungua kabla sijaamua.
Plaiwudi ni mwongo, usoni mti, tumboni gundi.
Na akriliki ina harufu ya kwa daktari wa meno.

Akriliki angavu ilinitesa wiki nzima.
Mwanga wa buluu ulipita katikati yake
kama mgeni asiyeambiwa karibu wala ondoka,
ukaenda kuchoma meza iliyo chini.
Meza yangu hadi leo imeandikwa
HERI YA NDOA LUGEMBE NA SADA.
Wenyewe niliwapelekea sahani.
Baadaye nikajua: ipake weusi kwanza.
Kisichoshika giza hata kidogo
hakishiki jina.

Akaja Nyamizi binti Sagali, mrina asali wa Ipole,
na gunia la vipande vya mninga begani.
"Mizinga yangu arobaini ina alama ya mume.
Mume hayupo. Hajafa, yuko Urambo.
Nataka alama yangu."
"Ipi?"
"Ningeijua ningekuja?"

Nikamchorea nyuki.
"Nyuki anajua kwamba ni nyuki."
Nikamchorea N na S zimekumbatiana.
"Hiyo ni benki."
Nikamchorea ua la mtundu, akaligeuza, akaligeuza tena:
"Mwavuli?"
La nne lilikuwa jogoo. Umeme ukakatika shingoni mwake.

Tukakaa gizani, moshi ukitutafuta macho.
Akawasha tochi ya simu atafute viatu,
na mwanga ukaangukia kibao changu cha majaribio:
miraba ishirini na mitano
ninayoichoma kabla ya kila kazi
kujua ubao huu unataka moto kiasi gani, mwendo gani.
Kona ya juu mraba hauonekani, huujui ila kwa kidole.
Unaofuata una rangi ya uji.
Kisha asali changa, kisha asali iliyokaa,
kisha sukari guru, kisha masizi,
hadi kona ya chini ambako moto ulikawia:
mkaa,
na tundu.

"Hiki nini?"
"Si kitu. Najaribu tu."
Akakipapasa mraba kwa mraba, toka hafifu mpaka tunduni.
Akarudi nyuma, polepole zaidi.
Alipofika karibu na kona ya juu kidole kilisimama,
sikumuuliza ni mwaka gani.
"Nichomee hiki. Mara arobaini."
"Mama, hicho ni kipimo, si alama."
"Na wewe mchana unauza nini, kama si kipimo?"

Umeme ulirudi saa tisa. Nilichoma usiku huo na uliofuata.
Cha thelathini na tisa kilikuwa na fundo ndani;
mraba wa mwisho uliwaka moto wa kweli,
nikauzima kwa kanga ya Mbula (hilo nalo lina kesi yake).
Nyamizi alikichukua hivyohivyo.
"Hiki nitakipa mzinga ule mkali," alisema.
Alilipa nusu fedha, nusu asali
kwenye chupa ya maji, na bawa moja la nyuki likielea.

Sasa nikipata ubao mpya
naweka mkono kwenye swichi, nasita.
Miraba ina mwenyewe, iko juu ya miti huko Ipole.
Siku hizi najaribu kwa duara.
Duara hazinyooki, mashine yangu ina mkanda uliolegea.
Lakini bado hakuna aliyezidai.